Picha ya Jiwe Lililotoka Kaburini

Siku lilipochimbwa kaburi la mume wangu, nyuma ya zizi, walikuwepo hawa: mdogo wa marehemu, yaani shemeji yangu, mwanangu wa kwanza, mkwe wangu aliyemwoa binti yangu wa tatu na aliyechimba dhahabu kwenye maduara ya upande wa Bugarama mpaka kifua kikamshinda, na jirani mmoja aliyechunga na marehemu tangu utoto wao. Mimi nilikuwa ndani nimekaa chini na wanawake, kwa hiyo mambo ya shimoni nimesimuliwa na hao wanne, kila mmoja kwa wakati wake. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Siyaandiki, na kijiji sikitaji. Ukisoma utaona sababu.

Shimo lilipofika kiunoni, jembe liligonga mwamba mweupe. Mkwe wangu akashuka na sururu, akamega kipande, akakilamba ili kilowe akione vizuri. Akakigeuzageuza juani.

Shemeji akamuuliza, "Vipi, kimekolea chumvi?"

Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakichimba kaburi ili kazi iende. Mkwe hakucheka. Akasema, "Baba, tusogee pembeni. Hapa pana mali."

"Mali ni kaka yangu," shemeji akamjibu. "Chimba."

Wakachimba, tukamzika. Kile kipande kilikuwa kimebaki kwenye mfuko wa mkwe wangu.

Matanga yalipokwisha shemeji alituita ndani, akasema neno lile life palepale. Hakuhitaji kutueleza sana. Huku kwetu neno la dhahabu likitoka asubuhi, jioni watu wameshafika na sururu na maturubai, mama ntilie wamewasha majiko, karasha linasaga mawe mbele ya mlango wako. Niliona shamba la jirani wa dada yangu kule Bukombe. Makaburi ya wazee wao yalibaki yamesimama katikati ya mashimo kama vichuguu, halafu mvua ikanyesha, kingo zikabomoka, sikuyaona tena. Mimi sikutaka dhahabu wala sikuichukia. Nilitaka mume wangu alale alipolazwa, na siku yangu ikifika nami nilazwe ubavuni kwake.

Mwanangu wa kwanza hana roho mbaya, ila jambo likimwingia kichwani halimwachi alale. Alichukua kipande kile kwa shemeji yake, yule mkwe wangu, akanijia jikoni.

"Mama, kuna dalali namfahamu Kahama. Nimtumie picha ya jiwe, jiwe peke yake. Atajuaje limetoka wapi?"

"Hapana, baba."

"Sawa, mama."

Ile sawa niliijua tangu yuko mdogo. Haikuwa ya kukubali.

Baadaye alinieleza alivyofanya, na kwa kweli alijihadhari. Alilitoa jiwe nje kwenye mwanga, pale kwenye uwazi karibu na kaburi. Akatandika koti lake chini, akaweka sahani yangu nyeupe juu yake, akaweka jiwe kwenye sahani. Akaangalia picha mara mbili asije akaonyesha bati la nyumba, mti au mkia wa ng'ombe. Dalali alimwambia aitume kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inafika imefifia, na yeye anataka kuikuza aone chembe zinavyong'aa. Akaituma hivyo.

Haikupita wiki, wakaja wanaume watatu kwa pikipiki mbili. Kwetu mgeni hafiki bila kuuliza. Njia zinagawanyika ovyo kwenye mashamba ya tumbaku, hata padri huwa anasimama kwa jirani kuuliza. Hawa hawakumuuliza mtu. Mmoja alishika simu mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto, wakapita nyumba, wakapita zizi, wakaenda kusimama kaburini. Ndipo wakarudi kunisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tumekuja kutoa pole. Mzee alikuwa mtu wetu sana."

"Asanteni. Mlikuwa mnamwitaje?"

Wakatazamana. "Tulimwita mzee tu."

"Wazee ni wengi. Hata kwenye zizi lile ninaye mmoja, ana pembe."

Kijana wao akacheka. Mwenye simu hakucheka. Akasema, "Mama, tungependa kuongea na mwenye eneo."

"Mwenye eneo mmetoka kwake sasa hivi. Mlisimama upande wa miguu yake."

Wakaondoka, wakisema watarudi.

Mjukuu wangu, binti wa huyu mwanangu wa kwanza, anafanya kazi studio ya picha Kahama. Alipokuja Jumamosi nikamsimulia. Akamgeukia baba yake.

"Baba, ulimtumia mtu picha?"

"Ya jiwe tu. Hakuna kinachoonekana."

"Nipe simu."

Akaifungua picha ya sahani yangu, akaivuta juu kwa kidole, na chini yake ikatokea ramani. Mimi ramani sijui kuisoma. Akanionyesha taratibu: hii ni nyumba, bibi, hii ni njia ya kisimani, hili zizi. Pembeni ya zizi palikuwa na kidoti chekundu. Sikuhitaji kuambiwa kidoti kimekaa juu ya nani.

"Simu iliandika mahali yenyewe, ndani ya picha," akasema. "Ungeituma kawaida kwa WhatsApp, hayo yangeachwa. Ulivyoituma kama faili, yalikwenda yote."

"Basi yafute," mwanangu akasema.

"Ya kwenye simu yako nitayafuta. Iliyo kwa dalali, baba, siwezi kuifikia."

Mwanangu aliiacha chai yake, akatoka nje. Kesho yake alikwenda Kahama kumwomba dalali aifute. Dalali akamwambia alishaipeleka mbele, kwa nani hakusema. Shemeji naye akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kueleza kwamba kuna wageni wanazunguka makaburini.

Mjukuu wangu akakusanya simu za nyumba nzima, akazima ile ya kuandika mahali kwenye kamera. Halafu akapitia picha za msiba ambazo ndugu walikuwa wanazisubiri, akiondoa mahali kwenye kila moja. Dada yangu wa Bukombe hakuweza kuja kuzika, miguu imemvimba. Picha ya kaburi alitumiwa baada ya kusafishwa. Alinipigia akilia, akasema ameliona.

Tukaamua kulijengea kaburi. Mwanangu alichanganya saruji mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kabla hajamimina, nilimwambia mkwe wangu akichukue kwake kile kipande, akirudishe kilikotoka. Akanipa mgongo nusu, kama mkwe anavyosimama mbele ya mama mkwe, akakifukia upande wa kichwa.

Wale wanaume walirudi saruji ikiwa bado mbichi, safari hii wawili. "Naona mna haraka," mmoja akasema. Shemeji akamjibu, "Mwenye haraka ni marehemu, katangulia." Wakazunguka kidogo, wakaondoka.

Najua saruji haimzuii mtu mwenye sururu, na ile picha sijui sasa iko kwa nani. Basi mchana nahamishia kazi zangu pale. Napepeta mchele, nabangua karanga, anayekuja ananikuta. Mwanangu naye huja kukaa nami, hatuongei sana.

Nimeandika nilivyokumbuka na nilivyosimuliwa. Huenda jiwe lilionekana shimo likiwa kifuani, si kiunoni. Huenda aliyesema mna haraka ni mwingine. Kama ulikuwepo na unajua nimekosea, niambie, nitaandika upya.