Ukumbi Wetu Haukuwa Ghala la Kahawa

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika makao ya wazee nilikabidhiwa beseni, kipande cha sabuni na miguu ya wanaume wa bweni zima. Msimamizi wa Makao, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, alisimama mlangoni akaniuliza kama ninajua kusoma. Nikamjibu kwamba sijui. Akaniuliza kama ninaona kinyaa. Nikamjibu kwamba nimelea watoto sita na nimemwuguza baba yangu mpaka mwisho. Akasema, "Basi anza na yule wa dirishani. Miguu yake ina funza."

Makao yale yalijengwa mlimani, kando ya barabara itokayo Mbinga na kushuka Ziwa Nyasa, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Yalikuwa na mabweni mawili, jiko, na ukumbi mmoja mkubwa wa bati. Waliletwa humo wazee wasio na mtu wa kuwatunza: wakulima wa kahawa kutoka vijiji vya juu kama Litembo na Kitura, na watu wa mwambao kutoka Lundo na kwingineko. Mimi ni Mmatengo. Kiswahili changu nilikiokota kanisani na sokoni, na kazini ndiko nilikokinyoosha, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo mzee wa mlimani na mzee wa ziwani waliweza kugombana kwayo wakaelewana.

Nitaeleza kazi yenyewe kwanza, maana ninyi vijana mnadhani kumtunza mzee ni kumpa uji na kumfunika blanketi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya kulalia, yaani nyama huoza pale mfupa unapogandamiza godoro. Kinga yake ni kumgeuza ubavu mara kwa mara, na kukumbuka ulimgeuzia wapi. Wenzangu waliosoma waliandika katika daftari la zamu. Mimi niliweka jiwe chini ya kitanda, upande ambao mzee anatazama. Nikirudi namgeuza, na jiwe nalihamisha. Daftari la zamu lilipotea mara mbili. Mawe yangu hayakupotea, wala hapana mzee wangu hata mmoja aliyeoza ubavu.

Kutoka bweni la wanaume nilihamishiwa jikoni, chini ya Mpishi Mkuu, mtu mfupi mwenye amri nyingi, ambaye alinifundisha kutazama sahani zinazorudi kuliko zinazokwenda. "Sahani ikirudi imejaa, mama," alikuwa akisema, "usilaumu chumvi kabla hujamtazama mtu." Baadaye nikapelekwa bweni la wanawake, na huko ndiko soko huria liliponikuta.

Zamani chama cha ushirika ndicho pekee kilichonunua kahawa, na serikali ndiyo iliyotulisha. Sasa wanunuzi binafsi walipanda milima na malori yao, huku unga na maharage ya serikali yakija kwa kuchelewa, na mara nyingine yasije kabisa. Mmoja wa wanunuzi hao akauona ukumbi wetu. Ulikuwa mkavu, mpana na mtupu, naye akaomba kuukodi uwe ghala lake.

Msimamizi alituita watumishi wote akasema, "Ukumbi huu ulijengwa kwa ajili ya maisha ya pamoja ya wazee. Nimekaa hapa miaka mingi, na humo ndani sijaona maisha, nimeona popo. Mnunuzi atakuja kupima baada ya wiki tatu. Akiukuta una watu, nitamkatalia. Akiukuta mtupu, nitampa ufunguo, tupate angalau mafuta ya taa."

Nikasema, "Nitaujaza mimi."

"Wewe?" akauliza Mpishi Mkuu. "Utawajaza kwa ngoma au kwa fimbo?"

Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuwaosha maiti wazee wengi ambao daktari hakuona ugonjwa wao. Kila mmoja alikaa juu ya kitanda chake akautazama ukuta wake, mpaka siku moja akaacha kuutazama. Ukumbi ule ukijaa magunia, wengine wote wangekwenda kwa njia hiyo hiyo, nami ningebaki kuhamisha mawe chini ya vitanda vya watu waliokwisha kufa mioyo.

Nikakumbuka sengu. Kwetu Umatengoni, wanaume wa ukoo walikuwa wakila mahali pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na mahali hapo ndipo palipoitwa sengu: ndipo kijana alipokanywa na ugomvi ulipomalizwa. Nikaagiza chakula cha mchana kisiende tena mabwenini. Nikatandika mikeka ukumbini, wanaume upande wa mlimani, wanawake upande wa ziwani, kwa heshima zote. Nikasimama nikitazama kazi yangu, na ninakiri kwamba nilijisifu.

Wanaume walikuwa wakimfuata Mzee Ndunguru wa Kitura, mtu mrefu mwenye maneno makali, aliyewahi kukata mkonge Tanga ujanani mwake. Akaingia wa kwanza. Akatazama upande wa wanawake, akavuta koti lake likamfunika kichwa chote, akageuka na kutoka mbio kwa mkongojo wake. Wanaume wote wakamfuata. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamwendea kitandani.

"Mzee Ndunguru, shikamoo."

"Marahaba."

"Ugali wangu una sumu?"

"Ugali ni mzuri."

"Basi ni nini?"

"Tumbo."

"Tumbo ambalo huanza kuuma mlangoni?"

"Mama, nenda kapike."

Nikampeleka kwa Mganga Msaidizi, aliyekuja kwetu mara moja kwa wiki. Akamsikiliza tumbo, akampa dawa ya minyoo. Mzee Ndunguru akaimeza yote, akaharisha siku mbili mfululizo, wala hakusema neno. Upande wa wanaume ukabaki mtupu, na wiki moja ikawa imekwisha.

Ndipo nikayakumbuka mafundisho ya jikoni, nikazitazama sahani. Upande wa wanawake ilirudi moja iliyojaa kila siku, na ilikuwa ya Bibi Eufrazia wa Lundo, mjane wa mvuvi, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa akilamba hata mwiko. Nikamkalisha juani nimkate kucha, maana mzee akishikwa mguu husema kweli.

"Bibi, nawe tumbo linauma?"

"Tumbo langu ni zima," akasema. "Ila wewe, mtu mzima mwenye wajukuu, unaniweka nitafune mbele ya mume wa mwanangu. Hivi ninyi watu wa milimani mmelelewa na nani?"

Mkasi ukaniponyoka. Akanieleza: marehemu mke wa Mzee Ndunguru alikuwa binti wa dada yake Bibi Eufrazia. Kwa hiyo huyu naye alikuwa mama mkwe wake, ijapokuwa kwa umri Bibi alikuwa mdogo kwake. Na mkwe, wajukuu zangu, hatazamwi usoni, hatafuni mbele yako, wala jina lake hulitaji. Ndiyo maana mzee yule alinyamaza: angeeleza sababu bila kumtaja anayehusika kwa njia gani? Alikuwa tayari kunywa dawa ya minyoo asiyokuwa nayo kuliko kuvunja heshima.

Kosa lilikuwa langu, tena halikuwa dogo. Mimi niliyepita nyuma ya nyumba miaka minane nisikutane na baba mkwe wangu, nilidhani kwamba ndoa za watu huishia pale kahawa ya mlimani inapokoma na muhogo wa ziwani unapoanza. Kitabu cha makao kiliuliza kijiji cha mzee, dini yake na ugonjwa wake. Hakikuuliza alioa wapi, wala mimi sikuuliza.

Nikamwuliza Bibi Eufrazia, "Hamkufunguana?" Maana desturi yao ilikuwa na mlango: mkwe wa kiume hutoa kuku tetea, mkwe wa kike hujibu kwa chakula alichokipika kwa mkono wake, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana uso kwa uso.

"Alikuwa Tanga na mkonge wake," akasema. "Aliporudi, mwanangu alikuwa amekwisha kufa. Tangu hapo mimi ninaliona koti tu."

Nikakimbilia jikoni. Mpishi Mkuu akanipa tetea mweupe bila maswali, nami nikampelekea Mzee Ndunguru nikamweleza kwamba ninayajua yote. Akamgeuzageuza kuku yule.

"Huyu ni kuku wa nani?"

"Wa makao."

"Kuku wa serikali! Nimfungue mkwe wangu kwa kuku wa serikali? Kesho akija afisa kuhesabu kuku, ukwe wangu utarudishwa bandani?"

Wanaume wa bweni walicheka mpaka wakakohoa. Lakini mimi niliona kwamba anasema kweli. Nikamwuliza anaweza kufanya nini kwa mikono yake. Akasema zamani alisuka vikapu vya mianzi vya kuchumia kahawa. Sasa vidole vimekakamaa. Mzee mmoja wa ziwani, aliyekuwa kipofu, akasema kutoka kitandani kwake, "Mimi nimesuka nyavu miaka hamsini. Nipe fito, nione kama mwanzi ni mgumu kuliko uzi."

Basi ikaanza. Mianzi ilikatwa bondeni, na kwa kuwa fito ndefu hazikuenea bwenini, ikabidi kazi ifanyike ukumbini. Mzee Ndunguru alikaa akielekeza, koti limeelekea ukutani. Kipofu alisuka, wengine walichonga na kulowesha, na wote walibishana. Asiyeweza kushika kitu nilimbeba na godoro lake, naye akashika kazi ya kukosoa.

"Hicho ni kikapu au kiota cha kunguru?"

"Nyamaza, wewe uliyechuma kahawa mbichi."

Wanawake walichungulia dirishani, kisha wakaanza kuleta maji ya kunywa, kisha wakakaa ng'ambo ya pazia la mikeka ambalo nililining'iniza katikati. Huko wakachambua maharage na kuimba nyimbo za ziwani. Juma lile, kwa mara ya kwanza, sahani zote zilirudi tupu.

Vikapu vitatu vilivyonyooka vilibadilishwa na mama mmoja jirani kwa tetea mwekundu. Vilivyopinda tulivitumia wenyewe. Bibi Eufrazia alituma salamu Lundo, na mpwa wake akapanda na mfuko wa usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa. Bibi akawapika mwenyewe, amekaa juu ya kigoda, akimfukuza Mpishi Mkuu kutoka jikoni kwake.

Siku ya kufunguana ikaangukia siku ile ile ya mnunuzi. Nilisimama kuwa mshenga, kwa sababu sikuwa ndugu wa upande wowote. Nikampeleka tetea ng'ambo ya pazia, nikarudi na bakuli la usipa. Mzee Ndunguru akala tonge moja. Kisha nikalifungua pazia, likaanguka chini.

Koti likashuka taratibu.

"Shikamoo, mama," akasema yule mzee mwenye mvi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi Eufrazia. Akamtazama vizuri. "Kumbe una uso! Na ni mbaya hivyo!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika barabarani, na ndivyo vilivyomkaribisha mnunuzi wa kahawa, akiwa na kamba yake ya kupimia na Msimamizi akimfuata nyuma. Akasimama mlangoni akitafuta pa kuweka mguu.

"Mheshimiwa," akamwambia Msimamizi, "uliniambia jengo ni tupu."

Msimamizi alivitazama vikapu, bakuli, tetea aliyefungwa miguu, na wazee waliolala juu ya magodoro wakipiga makofi. Akavua kofia. "Nilikuambia hivyo, na nilikosea. Ukumbi una wenyewe. Kaa ule usipa, halafu ukatafute ghala kwingine."

Akakaa, akala, na alipoondoka aliagiza vikapu.

Tangu hapo ukumbi haukufungwa tena. Tulisuka, tulitwanga, tuliimba. Vijiji vilikuja kututembelea na sisi tukavialika. Bwana Ustawi wa Jamii wa wilaya alifika kukagua akauliza cheo changu. Msimamizi akasema mimi ndiye Mlezi wa Ukumbi. "Lakini nasikia hajui kusoma," akasema Bwana Ustawi. "Hajui," akajibu Msimamizi. "Ndiye aliyetuonyesha kitabu chetu kina upungufu gani." Na kweli, kitabu kilikwisha kuongezwa mstari wa kuandika mzee alioa au aliolewa wapi. Kila aliyeletwa baada ya hapo, mimi ndiye niliyemwuliza, na katika kila wanne nilimkuta mmoja mwenye ndugu, mkwe au somo ndani ya kuta zile zile, asiyejua kwamba yupo.

Ninyi mnaosomewa haya niliyoyaandikisha, kama mtashika kazi hii, msiridhike na shuka safi. Mzee aliyeoshwa vizuri na asiye na wa kumtania, hamjamtunza, mmemhifadhi. Mimi nilihifadhi watu miaka mingi kabla sijajua tofauti, na sijisamehe kwa urahisi.

Mzee Ndunguru aliishi miaka mingine saba. Alipofariki tulimlaza ukumbini, na karani kutoka wilayani akaja na karatasi yake. Kwa watu wa makao karatasi ile huwa fupi, kwa sababu pale panapoulizwa ndugu wa marehemu karani huchora mstari tu. Akauliza kwa mazoea, huku kalamu ikiwa tayari kuchora, "Ndugu wa marehemu yupo?"

Bibi Eufrazia akasimama, uso wake wazi, akasema, "Mimi ni mama yake." Nyuma yake akasimama kipofu, akafuata wa pili na wa tatu, mpaka waliokuwa na miguu ya kusimamia wakawa wamesimama wote, na wasio nayo wakainua mikono kutoka magodoroni. Karani akaomba karatasi nyingine.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Sikuona sababu ya kungoja siku iliyo bora kuliko ile.