Faini Aliyoitaka Agnela

Kofi la kwanza la baba mdogo Elisaria, Agnela alilishuhudia akiwa na miaka tisa, na halikuwa lake. Lilimpata mama yake, Hanna. Marehemu baba alikuwa hajamaliza mwezi kaburini, pale pale nyuma ya migomba, na mama alikuwa ameuliza jambo moja tu: kahawa ya marehemu ataichuma nani. Elisaria, mdogo wake marehemu, alimjibu kwa mkono. Mama akaangukia mafiga. Aliponyanyuka, meno mawili ya mbele yalikuwa chini kwenye majivu. Akayaokota, akayafunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayefunga mbegu, akarudi kukoroga uji. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Ukimwona Elisaria hutadhani. Ni mfupi, mpole wa sauti, Jumapili anaimba besi kwenye kwaya mpaka kina mama wanafumba macho. Lakini mkono wake hauna dogo. Ng'ombe akikataa kusimama, ngumi ya jicho. Mbwa wa jirani akipita, jiwe, na jiwe lake halikosei. Na kahawa ya kaka yake akaichuma miaka kumi, kila msimu, kimya kimya, huku cheti cha kifo cha kaka yake amekifungia kwenye sanduku la bati jekundu chini ya kitanda, ufunguo shingoni. Alijua analolifanya. Bila cheti hakuna mirathi, na bila mirathi ekari mbili ni za mwenye mabavu.

Agnela alikua kwa kunyamaza na kutazama. Alipomaliza kidato cha nne, na biolojia na kemia amefaulu vizuri tu, hakukuwa na mtu wa kumpeleka chuo. Akashuka Usa River, akapata kazi ya usafi kwenye zahanati moja kando ya barabara ya Moshi. Huko ndiko alikoizoea damu. Jumamosi jioni, mbege, ile pombe ya ndizi, ikishakolea huko vijijini, waliletwa watu wamepasuliwa vichwa kwa chupa, vijana wa bodaboda wamechunika kama ndizi, mwanamke mmoja alikuja na sikio lake mkononi, limefungwa kwenye leso safi. Wengine walizimia mlangoni. Agnela alishika taa, akashika miguu ya wanaorusha mateke, halafu akapiga deki.

"Wewe huogopi?" Bi. Tahera, tabibu wa zahanati ile, alimwuliza siku moja huku anashona.

"Nimeshazoea, Bi. Tahera."

"Kuzoea si kazi. Kasomee kushona na wewe. Kuna mfuko wa ufadhili pale mjini, Levolosi, wanasomesha yatima masomo ya afya. Uuguzi, utabibu, maabara. Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Kwenye ukurasa wa tatu waliuliza: familia ina ardhi? Ekari ngapi? Inatumiwa na nani? Agnela hajui kudanganya kwenye karatasi. Akaandika: *Ekari mbili za marehemu baba. Zinatumiwa na baba mdogo.* Chini pakatakiwa mhuri wa mtendaji wa kijiji, na nakala ya cheti cha kifo cha mzazi.

Jumatatu akapanda nyumbani, akaenda kwa mtendaji. Mtendaji yule hasomi kimoyomoyo, husoma kama anahubiri. Ofisi ilikuwa imejaa watu wa maji, wanagombania zamu za mfereji, na Elisaria alikuwa mmoja wao, amekaa kwenye benchi la nyuma. Mtendaji alipofika "ekari mbili za marehemu", benchi lile likalia. Mhuri ulipogongwa, Elisaria alikuwa ameshatoka.

Baadaye alimkuta Agnela migombani, anakatia ng'ombe majani, mama yake ameinama pembeni.

"Umeniandika kwa serikali?"

"Shikamoo, baba mdogo. Ni fomu ya shule. Naomba tu cheti cha baba, nikatoe nakala, nitakirudisha."

"Mtoto wa kike, unataka kunitoa kwenye shamba kwa kalamu?"

Pigo la kwanza lilikuwa la ubapa wa panga, mgongoni, likampeleka magotini. La pili, begani. Majani yakatawanyika. Mama akapiga ukunga, akamrukia Elisaria kwa nyuma, akatupwa kama gunia tupu, kichwa kikagonga shina la mgomba. Pigo la tatu Elisaria aligeuza panga. Agnela aliona makali yanavyong'aa, akainua mkono wa kushoto mbele ya uso. Panga likashukia kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada, likafika mfupani. Hakusikia maumivu mara moja. Alisikia sauti, ileile ya panga likiingia kwenye mgomba.

Elisaria alitazama mkono ule unavyofunguka. Akafuta panga kwenye suruali. "Jaza na hiyo kwenye fomu yako," akasema, akaondoka.

"Damu haisubiri polisi," Bi. Tahera alisema walipofika zahanati. "Nashona kwanza. Fomu yao, PF3, utaniletea kesho nijaze." Ganzi ilikuwa haijakolea, wakashona hivyo hivyo. Agnela hakugeuza uso. Alitazama sindano inavyoingia na kutoka, nyuzi kumi na moja, na ya saba alimwambia Bi. Tahera, "Hiyo umeivuta sana." Bi. Tahera akailegeza.

Kesho yake akaenda polisi, akapewa ile fomu ya mtu aliyejeruhiwa, Bi. Tahera akaijaza kwa mwandiko mkubwa: jeraha la panga. Ilibaki kuirudisha tu, na Elisaria alale ndani.

Habari zikapanda mlima kabla ya miguu. Jumatano asubuhi mshili, mkuu wa ukoo, mzee Lemburis, akaja nyumbani kwa Hanna na wazee wawili, na nyuma yao Elisaria, kichwa kimeinama, ameshika jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Aliyekosa akikuletea jani lake mbele ya mshili, hulikatai. Ukilikataa, laana inakugeukia wewe na tumbo lako. Ukilipokea, umesamehe, hakuna tena habari ya mahakama. Aliyesamehe hutaja faini, basi, watu wanakula.

Elisaria akapiga goti. "Nimekosa. Nipokee."

Agnela alilitazama jani lile. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Akanyoosha mkono mzima, akalipokea.

"Amepokea!" mshili akasema. "Sasa, mwanangu, taja. Kondoo? Ana dume zuri yule, na mapipa mawili ya mbege si haba."

"Sitaki kondoo, mzee. Faini yangu ni cheti cha kifo cha baba yangu."

Elisaria akanyanyua kichwa, na ule upole ukamtoka. "Hiyo si faini! Faini ni mnyama!"

"Faini ni anachotaja aliyekatwa," mshili akasema. "Wewe ulimwuliza pa kumkata?"

"Ufunguo umepotea."

Ulikuwa unaning'inia kifuani kwake, kila mtu anauona. "Lete sanduku," mshili akasema. Likaletwa. Elisaria akaliweka katikati ya uwanja, halafu akalikalia, mikono kifuani, kama mtoto aliyekataa kunyolewa.

Hapo ndipo Hanna alipotoka nyuma ya jiko. Kichwani ana uvimbe, mkononi ana shoka la kuni.

"Shemeji, nyanyuka."

"Mama Agnela, umerukwa na—"

Shoka likatua kwenye bati katikati ya mapaja yake. Elisaria aliruka kama aliyekalia siafu. Pigo la pili likavunja kufuli, na kifuniko kikafunguka chenyewe, lakini Hanna hakuona, au hakutaka kuona. Akapiga la tatu, la nne, bati likikunjamana na kulia, yeye anahema, mate yanamtoka kwenye lile pengo la meno. Mshili akasogeza kigoda chake nyuma, taratibu, asizuie.

Elisaria akamwendea na ngumi imeinuliwa. Fimbo ya mshili ikamkinga shingoni. "Isale umelileta kwa mkono wako. Mguse, laana imekurudia."

Akaishusha ngumi. Kisha akageuka, akalipiga teke sanduku mpaka likabingirika kwenye mfereji wa kando ya uwanja, na makaratasi yakaanza kuelea. Agnela akaingia majini na mkono wake wa bandeji. Akavua risiti, akavua picha ya kipaimara, akavua cheti. Kona moja imeliwa na panya, nyingine imelowa, lakini jina la baba linasomeka na mhuri unaonekana. Nyuzi mbili zilikatika siku ile, Bi. Tahera akazishona upya.

Ijumaa, saa nne, karani wa Levolosi alikigeuza cheti kile huku na huku. "Mbona kimelowa hivi? Na hii damu?"

"Ni yangu," Agnela akasema. "Kinasomeka?"

"Kinasomeka." Akagonga mhuri.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: ada yote, chakula ajitegemee. Sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi, na kidole gumba cha kushoto hakikunjiki vizuri, ila sindano anaishika kwa kulia.

PF3 hakuirudisha polisi. Alipokea isale, na neno ni neno. Lakini hakuichoma pia. Ipo kwenye faili moja na cheti cha baba, na mwaka huu kahawa ya marehemu, ile ya chini ya njia, amechuma mama. Agnela akija likizo humkuta Elisaria amekaa kwenye mpaka wa shamba, akiuangalia mkono wake ule wenye kovu.

"Ile karatasi ya polisi," humwuliza kila mara, kwa sauti ya chini, "ulishaichoma?"

"Shikamoo, baba mdogo," Agnela humjibu. "Ipo."