Kocha wa Mzee Salim

Hapa Dubai ukisema wewe ni Mkenya, watu wanadhani ulizaliwa ukikimbia. Mimi ni mlinzi wa geti huku Rashidiya, na mbio zangu ni za kuwahi basi la kampuni. Lakini Mzee Salim, Mzanzibari wa ghorofa ya pili, aliponiuliza dawa ya goti linalomuuma akikimbia, sikumwambia ukweli. Nilisoma kwenye simu, nikamwelekeza kama kocha: apashe mwili joto kwanza, asiongeze mwendo ghafla, goti likivimba aweke barafu. Kila asubuhi nikawa namuuliza, "Goti limeamkaje, Mzee?"

Ijumaa iliyopita akanialika tukimbie pamoja. Kwa kiherehere changu nikachomoka bila kupasha chochote. Hatukufika hata msikitini, msuli wa kigimbi ukanikamata, nikakaa chini nikilia kama mtoto. Mzee akapiga goti lake hilohilo bovu, akaniwekea chupa ya maji baridi mguuni.

"Mwanangu, wewe hujapata kukimbia maisha yako."

"Sijawahi, Mzee."

"Nilijua zamani. Ukifungua geti tu, unahema."

"Sasa mbona ulinisikiliza?"

"Tangu kufa mke wangu, nani mwengine ananiuliza goti limeamkaje?"