Neno "Bibi" Nililomficha Mgeni

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu hapa Bunia, na kila inaponijia naona aibu upya. Nimesikia umepata kazi ya kuwafundisha wageni Kiswahili. Nimefurahi, tena sana. Ndiyo maana nakusimulia jambo ambalo hata baba yako sijawahi kumwambia.

Miaka ile vita vilikuwa vimetulia, lakini utulivu wenyewe ulikuwa wa mashaka. Watu walicheka sokoni huku jicho moja likiwa barabarani. Mtu akikujibu vibaya, ulijiuliza kwanza kabila lake, kisha ukakumbuka lako. Mimi nilikuwa msichana mwenye diploma ya sekondari na kiburi cha chuo kikuu. Nikapata kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mudzipela: kumfundisha Kiswahili muuguzi mgeni aliyeitwa Marta, binti mpole wa nchi za baridi, aliyeandika kila neno katika daftari lake.

Sasa, Kiswahili chetu unakijua. Tunasema iko, tunasema weye, tunasema mutoto, na walimu wetu walitukemea kwamba hicho si Kiswahili, ni kelele za sokoni. Nikaamini. Nilikuwa nimenunua kitabu cha sarufi kwa mchuuzi aliyetoka Tanzania, nikakishika kama Biblia. Marta akiniuliza watu wa hapa wanasemaje, nilimjibu, "Usiwasikilize, wanakosea." Naye akaniamini, masikini. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani alikuwa na muda wa wahenga?

Asubuhi hiyo nilipofika kwa somo, nilimkuta Marta mlangoni peke yake, uso umejaa furaha. Mkunga wetu, Mama Rejina, alikuwa amekwenda kuchota maji.

"Mwalimu, leo nimeelewa mtu bila msaada!" akaniambia. "Kijana mmoja alisema bibi yake ana uchungu. Alinionyesha nyumba, kule nyuma ya kanisa. Nikamwambia pole sana, bibi apumzike, apewe chai, nitamtembelea mchana."

Wewe mtoto wa Bunia umekwisha kuelewa. Mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba bibi ni mama wa mama, na uchungu ni huzuni ya moyo. Hapa kwetu bibi ni mke wa mtu, na bibi mwenye uchungu, uchungu wa kuzaa, hangoji mchana.

Nilipiga ukelele. Mama Rejina akaja mbio, akaacha ndoo zake katikati ya njia, akasimamisha pikipiki, akapanda na Marta. Mimi nikawafuata kwa miguu. Nilipofika, wao walikuwa tayari ndani, na yule kijana ameketi chini nje ya mlango. Familia yake ilikuwa imekimbia kutoka Djugu, haikuwa na mtu wa kuitwa hapa mjini.

"Nilizani munanikatala juu ya kabila yangu," aliniambia bila kuinua macho. "Nikasema basi, bibi yangu atakufa hapa."

Nilitaka kumweleza kwamba si kabila, ni kitabu changu. Nikaketi tu chini kando yake.

Mtoto alitoka na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni, kimya kabisa. Nilisikia Mama Rejina akimsugua mgongo, akimbembeleza kwa jina tunalowaitia watoto wa kiume, "Lia, papa, lia basi." Tukangoja. Kisha akalia, mwanangu, na baba yake akalia, na mimi nikalia kuliko wote.

Tulipokuwa tukirudi, Mama Rejina alinishika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mutoto wangu, hapa kwetu bibi ni nani?"

"Ni muke ya mutu, mama."

"Weye ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi haukukosea. Ulificha. Ulisikia haya na luga ya mama yako, ukamunyima mugeni." Akanivuta kando, pikipiki ipite. "Kitabu haizalaka hapa Bunia. Siye ndio tunazalaka." Kweli, kitabu hakizai; tunaozaa ni sisi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimejikwaa kwa ulimi wa mwenzangu. Kesho yake nilimwambia Marta ukweli wote. Hakunikasirikia. Alifungua daftari, akaandika neno letu kando ya lile la kitabu, kisha akaniuliza taratibu, "Na mengine uliyonificha?" Tuliandika mpaka adhuhuri. Baadaye nikawa nampeleka sokoni, tunaketi kati ya akina mama wauza sombe, yale majani yetu ya muhogo, anasikiliza tu. Walimcheka, wakamsahihisha, wakampenda.

Usidhani nilikitupa kile kitabu. Hata haya ninayokuandikia yametoka humo, na wewe ukifundishe Kiswahili chake, maana mgeni atasafiri, atasoma, ataandika barua. Lakini usimfiche cha nyumbani. Akikuuliza watu wanasemaje, mwambie wanavyosema. Anza na maneno ambayo mtu huyasema akiwa na maumivu au hofu, kwa sababu saa hiyo hakuna anayekumbuka sarufi. Na ukiona haya juu ya namna mama yako anavyozungumza, ujue haya hiyo umefundishwa, hukuzaliwa nayo.

Mungu aubariki ulimi wako, mwanangu, akupe subira na wanafunzi wenye masikio. Na siku mtu wetu atakapomlilia mwanafunzi wako kwa Kiswahili cha hapa, Mungu amjalie aelewe, na afike mapema.