Rosemari ya Mama Mwenye Ploti

Mwaka niliomaliza shule ya usiku hapa Eldoret, nilitembea na cheti changu kama nimeteuliwa waziri. Kilichobaki ni redio kunitaja kwa taarifa ya saa saba.

Mama mwenye ploti, aliyehamia huku kutoka upande wa Nyeri, alikuwa amepanda rosemari mlangoni kwake. Ilikuwa dawa yake. Kifua kikimbana, alichuma vijiti vitatu, akavichemsha, akajifunika blanketi pamoja na sufuria, akavuta mvuke mpaka pumzi ikafunguka. Sisi wapangaji tuliruhusiwa kijiti kimoja cha kutia kwa nyama, na lazima kwanza tubishe hodi. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau.

Jumapili hiyo alikuwa ameenda Turbo kwa dada yake, nami nilikuwa nimealika darasa zima kwa supu ya kichwa cha mbuzi. Nikawaza: kama kijiti kimoja kinanukisha nyama hivi, je, mti mzima? Nikaukata mpaka chini. Harufu ilifika Chepsaita, haki ya nani! Lakini supu yenyewe ilikuwa sabuni ya kufulia. Wenzangu walionja, wakaishia kula ugali kwa chumvi.

Jumatatu mama akarudi amenyeshewa, kifua kinapiga filimbi. Akasimama mbele ya kisiki.

"Ni mbuzi wa jirani, mama," nikasema haraka.

"Mbuzi?" Akatafuta pumzi kwanza. "Mbuzi hali rosemari, kijana. Hata akiwa na njaa ya wiki."

Akaingia ndani. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akihangaika na kila pumzi. Cheti kilikuwa juu ya kitanda, sikuweza kukiangalia. Nikakimbia taoni, nikabisha kila ofisi yenye ua wa rosemari, mpaka askari mmoja wa geti akanihurumia, akanikatia konzi moja.

Nikachemsha mwenyewe. Akajifunika, nami nikashika sufuria isimwagike. Baada ya muda mrefu, sauti ikatoka chini ya blanketi.

"Ilikuwa tamu?"

"Hapana, mama. Ni mimi nilikata. Nisamehe. Ilikuwa sabuni tupu."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Nikaweka sufuria chini, nikamshika mgongo. Ulikuwa unatetemeka wote.

"Vuta mvuke, mama," nikamwambia. "Usicheke. Tafadhali, usicheke."