Nyumba ya Mwantumu Ilipokuwa

Mwantumu alishona nguo Katesh tangu Manyara ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Arusha, na kwa kazi hiyo akajenga nyumba Jorodom. Siku tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, alikuwa msibani Balangdalalu. Aliporudi hakukuta nyumba wala mtaa. Yalikuwa mawe na magogo tu, na hakuweza kujua hata mlango wake ulikuwa wapi.

Wiki kadhaa baadaye alijiwa na Ayubu, dereva wa bodaboda aliyezoea kumpelekea vitambaa nyumbani.

"Shikamoo mama. Ile lokesheni uliyonitumia ukiwa barazani kwako bado ninayo kwenye simu."

"Marahaba. Itanifaa nini, na nyumba haipo?"

"Simu haitafuti nyumba, mama. Inapokea ishara za setilaiti kadhaa huko angani, inapima kila ishara imesafiri kwa muda gani, ndipo inajua ilipo. Tope halikuzifikia."

Wakatembea juu ya udongo uliokauka, wakiitazama nukta ya buluu ikiisogelea alama ya nyumba kwenye kioo cha simu, mpaka Ayubu akasimama. "Ni hapa, au hatua chache tu kutoka hapa."

Mwantumu alikaa chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya tope. Alipotulia aligeuka, akanyoosha mkono.

"Kama hapa ni kwangu, basi pale ni kwa Paskalina, na bomba la maji lilikuwa kule."

Akamwomba Ayubu akamlete Paskalina, naye apate kusimama kwake.