Mahakama Ilificha Jina Langu, Wifi Akalitangaza

Admin, picha yangu usiweke na akaunti yangu usiitaje, hata mtu akikuomba kwa wema. Majina yote humu nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mama wa binti mmoja, naishi visiwa vya Lamu kwa shangazi yangu. Sikuzaliwa Kenya. Nimetoka upande wa pili wa mpaka, ingawa lugha yetu ni moja na huku nina damu yangu. Kwetu niliozwa kwa nguvu kwa mtu wa bunduki. Aliyonifanyia sitayaeleza. Nilipopata upenyo nilimbeba mwanangu nikatoroka, na shangazi akanipokea bila kuniuliza hata swali moja.

Tuliishi kwa amani mpaka siku niliyokuwa nampeleka mtoto hospitali. Askari walinishika kwenye gati la Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa kuwa sina kitambulisho, nikawekwa rumande na kushtakiwa kuwa nchini bila kibali. Wakili wa kujitolea alimweleza hakimu nimemkimbia nani. Hakimu akaamuru jina langu lisitajwe popote, nisipigwe picha, na kesi iitwe kwa herufi mbili tu. Nikaachiliwa nikisubiri ombi langu la ukimbizi. Nililia pale pale kizimbani, maana hakuna mtu mwenye mamlaka aliyewahi kuniuliza naogopa nini.

Nilipofika nyumbani, Rukia, mke wa mtoto wa shangazi, alinikumbatia akapiga vigelegele. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mwanangu nilipokuwa rumande. Kumbe simu yake ilikuwa inarekodi. Akaiweka video kwenye grupu la ukoo: "Alhamdulillahi, mwenzetu ametoka!" Akataja jina langu, la baba yangu na mtaa wetu. Grupu lile lina watu wa pande zote mbili za mpaka. Alipokuja kuifuta, ilikuwa imeshazunguka.

Wiki ile ile mama akanipigia kutoka kwetu. Hata salamu hakutoa. "Wamekuja na video yako. Wamemchukua Athman." Athman ni mdogo wangu wa mwisho. "Wasema mke na mtoto warudi, ndipo naye atarudi." Mpaka leo hatujasikia sauti yake.

Sasa wakili anataka nimwambie hakimu ni nani aliyevunja amri. Anasema nikificha, itadaiwa nimejitangaza mwenyewe na ombi langu litaharibika. Nikisema, huenda mimi na binti yangu tukahamishiwa mahali salama. Lakini Rukia anaweza kufungwa, na ana kichanga kinachonyonya. Tangu asikie habari za Athman, chakula hakimpiti, na akiniona hugeukia ukutani.

Jana shangazi aliniita jikoni. "Wewe ni damu yangu," akasema, "lakini ukimtaya mke wa mwanangu kotini, ndia ndiyo hiyo." Akanionyesha mlango. "Sitakuweka tena." Kisha akampakulia binti yangu wali kama kawaida, akakaa naye mpaka akamaliza.

Nimchukie nani? Rukia alifurahi tu kwa ajili yangu. Na furaha yake imempeleka ndugu yangu nisikokujua.

Kesi inatajwa Jumatatu, na hakimu ataniuliza yeye mwenyewe. Nyinyi mnaosoma, hasa mama wenzangu, niambieni: nimjibu nini?